Jinsi ya kulitumia neno "hard" na visawe vyake bila kubahatisha

"Hard na difficult si kitu kimoja?" "Nimeandika I work hardly, mwalimu kanikata maksi, kosa liko wapi?" "Nyama ngumu si ndiyo hard meat?" Maswali haya hayaishi. Leo anauliza mwanafunzi wa kidato cha pili, kesho dada anayejiandaa na usaili wa kazi hotelini, keshokutwa kaka aliyehamia Minnesota na hajui amwelezeje daktari hali yake. Kumjibu kila mmoja kivyake kunachosha, na jibu la mstari mmoja humwacha mtu palepale alipokuwa. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, hatua kwa hatua.

Nadharia ni hii tu, baada ya hapo ni kazi. Kiswahili kina "-gumu", nalo lina maana nyingi ambazo kwa bahati zinafanana sana na za "hard". Jiwe gumu, swali gumu, maisha magumu: kote ukiweka "hard" unaeleweka. Ndipo unapozoea vibaya. Unaamini kila penye "-gumu" panafaa "hard", na kila penye "hard" panafaa "difficult" kwa kuwa kamusi imeyaweka jirani. Kutoka hapo makosa yanafuatana.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

Sentensi yako mwenyewe, iliyoandikwa. Ukija na neno peke yake hatufiki popote.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Za Oxford, Cambridge na Longman zinapatikana bure kwenye intaneti, na sifa yake kubwa ni mifano ya sentensi chini ya kila maana. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iwepo pia, ila kazi yake ni kukufungulia njia, uamuzi wa mwisho usiuachie.

Daftari. Simu inafaa, lakini unachokiandika kwa mkono hukaa kichwani zaidi.

Kitu kimoja kiweke pembeni kwanza: orodha za visawe. Peter Mark Roget alipochapisha orodha yake maarufu ya maneno London mwaka 1852, aliyapanga kwa makundi ya mawazo, bila kueleza maana ya neno mojamoja. Mwenye lugha yake akiiona orodha ya namna hiyo anakumbuka neno lililomponyoka. Wewe unayejifunza utachagua lile refu kuliko yote, na litakuumbua.

Hatua ya 1: Tafuta nomino inayosifiwa

Pigia mstari kile kinachoitwa "hard". Katika "The chair is hard" ni kiti. Katika "The question is hard" ni swali. Katika "Our supervisor is hard on us" ni msimamizi. Neno ni lilelile, lakini kiti kinaumiza makalio, swali linaumiza kichwa, na msimamizi anawabana. Usiendelee mpaka umeiona nomino.

Hatua ya 2: Uliza kinyume chake

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo mzima, kwa hiyo usiipite mbio. Usijiulize "hard maana yake nini hapa?" Jiulize "ingekuwa kinyume, ningesemaje?" Kila kinyume kina ukoo wake wa visawe, na visawe vya ukoo mmoja kwa kawaida haviingii kwenye mwingine, isipokuwa vichache.

Kinyume kikiwa "soft", yaani laini kwa kugusa, ukoo wake ni "firm", "solid", "stiff", "rigid" na "tough".

Kinyume kikiwa "easy", yaani rahisi, una "difficult", "tough", "tricky", "challenging" na "demanding".

Kinyume kikiwa "gentle" au "lenient", yaani mpole, asiyebana watu, una "strict", "harsh", "stern" na "severe".

Kinyume kikiwa "lazy", yaani mvivu, una "hard-working", "diligent" na "industrious".

Kinyume kikiwa "mild", kwa hali ya hewa, una "harsh" na "severe". Walioko Marekani kaskazini watalikuta kwenye utabiri wa baridi: "a hard winter", "a hard freeze".

Kinyume kikiwa uvumi au kitu kisicho na uhakika, kama katika "hard evidence" na "hard facts", una "solid", "firm" na "concrete".

Jaribu na kiti. Kinyume cha kiti "hard" ni kiti laini, basi uko ukoo wa kwanza. "Difficult" haumo humo, kwa hiyo "a difficult chair" imekufa hapohapo. Swali je? Kinyume chake ni rahisi, ukoo wa pili, kwa hiyo "firm question" nayo haipiti. "Tough" umeuona koo mbili. Si makosa ya uchapaji, ni neno la kutangatanga, na tutalirudia.

Hatua ya 3: Ndani ya ukoo, chagua neno linalokaa na nomino hiyo

Tuanze jikoni, maana huko ndiko watu wanakopotea zaidi. Nyama ngumu ni "tough meat". Meno yanatafuna, nyama haikatiki, hiyo ndiyo "tough". Ugali uliosongwa ukakaza ni "stiff". Mkate wa juzi uliokauka ni "stale", na mhudumu wa hoteli akimwambia mgeni "the bread is hard" mgeni atadhani labda ndivyo ulivyookwa. Parachichi lisiloiva ni "hard", hapo umepatia. Nyanya isiyobonyea, ile nzuri ya kubeba sokoni, ni "firm", na hiyo ni sifa. Yai lililochemshwa mpaka kiini kikaganda ni "hard-boiled". Ukitoka jikoni ukaingia chumbani, godoro zuri linaloshikilia mgongo huitwa "firm", lakini godoro la gesti linalokuamsha na maumivu ni "hard". Asubuhi shingo haigeuki: "stiff neck".

Umeona tofauti ya "firm" na "hard" kwenye godoro? Kitu ni kilekile, ila neno moja ni la muuzaji na lingine la mteja anayelalamika. Visawe vingi viko hivyo.

Sasa kazi na masomo. "Hard" na "difficult" hubadilishana vizuri kwenye mtihani, swali, uamuzi. "Difficult" ni rasmi kidogo, "hard" ni ya mazungumzo. Lakini kwenye kazi yanaachana. Mpagazi wa Kariakoo anayebeba magunia mgongoni tangu alfajiri anafanya "hard work". Si "difficult", kwa sababu hakuna fumbo ndani yake, ni nguvu na jasho. Fundi cherehani anayeunga kola ya koti akiwa amekaa kivulini anafanya kitu "difficult", na huenda hatoki hata tone la jasho. Jasho ni "hard", ujuzi ni "difficult". Kanuni hii haikamati kila sentensi, lakini inakamata nyingi.

"Tricky" iweke akiba kwa jambo linaloonekana jepesi kumbe lina mtego. "Challenging" ni neno la barua za kazi: usiandike "my last job was hard", andika "challenging", nao wataelewa kwamba ilikuwa ngumu na hukukimbia. "Demanding" ni kazi inayokula muda wako wote.

Halafu watu, na hapa makosa yana gharama. Sisi tunasema "mwalimu mkali", basi. Kiingereza kinakutaka uchague upande. "Strict" ni anayefuata sheria na kutaka zifuatwe, na mara nyingi ni heshima. "Harsh" ni aliyepitiliza, anayeumiza. "Stern" ni uso na sauti: hacheki. "Severe" huenda zaidi na adhabu, maumivu au ukame kuliko na mtu. Ukisema kwenye usaili "my former supervisor was strict but fair", umemsifu bosi wako na kujisifu mwenyewe. Ukisema "harsh", umemsema vibaya mbele ya mtu ambaye kesho anaweza kuwa bosi wako.

Na usichanganye hawa watatu: "a difficult man" ni msumbufu, hakuna kinachomridhisha, "a hard man" hana huruma, "a tough man" ni mvumilivu asiyevunjika. Wa tatu ndiye unayemtaka kwenye timu.

Hatua ya 4: Hakikisha kama ni kivumishi au kielezi

"Hard" haibadiliki ikiwa kielezi. "She works hard", "push hard", "it rained hard", zote ni sahihi. Umefundishwa kwamba kielezi hupatikana kwa kuongeza "-ly", na mara nyingi ni kweli, ila hapa ukiongeza umegeuza maana juu chini. "Hardly" ni "kwa shida sana" au "karibu hapana".

"He works hard" ni mchapakazi. "He hardly works" ni mtegaji. Ukimwandikia mtu barua ya kumpendekeza kazini na kuchanganya haya mawili, umemnyima kazi kwa mkono wako.

Angalia pia kwamba "hardly" tayari imebeba ukanushi, kwa hiyo usiiongezee mwingine. Sema "I can hardly see", usiseme "I can't hardly see". Na "hardly any sugar" ni sukari kidogo mno, karibu haipo, "hardly ever" ni mara chache sana.

Kwa wanaojiandaa na mitihani, kuna umbo moja linalopendwa na watungaji: "Hardly had we sat down when the lights went out." Hata hatujakaa sawasawa, umeme ukakatika. Kitenzi kisaidizi kinatangulia mtenda, na kiunganishi ni "when". "Than" ni ya "No sooner". Ukiyabadilishana, maksi imekwenda.

Hatua ya 5: Ukihitaji nomino, gawa "ugumu" mara tatu

Ugumu wa chuma au wa almasi ni "hardness". Ugumu wa mtihani ni "difficulty". Ugumu wa maisha, njaa, ada na kodi ya nyumba kwa pamoja, ni "hardship". Kwa hiyo "economic hardness" futa.

Kuna la nne linalofanana nayo sura: "hardy". Hilo ni la mmea au mnyama anayestahimili. Muhogo na mtama ni "hardy crops" kwa sababu huvumilia ukame, si kwa sababu ni migumu kutafuna.

Hatua ya 6: Misemo iliyoganda usiiguse

Kuna mahali "hard" imeshikamana na jirani yake na haibanduki. Hapo kisawe chochote ni kosa, hata kama ukoo wake ni sahihi.

"Hard water" ni maji yenye kalisi na magnesi nyingi, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Hakuna "difficult water" wala "tough water". "Hard cash" ni pesa taslimu. "Hard copy" ni nakala ya karatasi. "Hard liquor" ni pombe kali, na ndiyo maana soda ni "soft drink". "Hard hat" ni kofia ngumu ya mjenzi. "Hard labour" ni kifungo cha kazi ngumu, kwa hiyo ukitaka kumsifu mama yako kwa jasho lake usiseme "my mother's hard labour", sema "hard work". "Hard of hearing" ni mtu asiyesikia vizuri. "Drive a hard bargain" ni kubana bei mpaka muuzaji agune. "Hard up" ni mfuko kutoboka.

"No hard feelings" ninaipenda peke yake: ni yale maneno ya kumaliza ugomvi, tusiwekeane kinyongo, yaishe.

Hizi zikariri zilivyo. Hakuna ujanja.

Hatua ya 7: Ipime kabla ya kuituma

Andika maneno mawili, kivumishi na nomino, ndani ya alama za kunukuu kwenye mtambo wa kutafutia, kisha soma matokeo. "Tough meat" itakuletea mapishi na ushauri wa kuilainisha. "Difficult meat" itakuletea vichekesho na kurasa za wanaojifunza kama wewe. Usiangalie wingi wa matokeo, angalia nani anaandika.

Makosa yanayorudi kila siku

"I am hard to understand mathematics." Ulitaka kusema hesabu zinakushinda, lakini umesema wewe mwenyewe hueleweki, kisha sentensi ikavunjika. Sema "It is hard for me to understand mathematics", au "I have difficulty understanding mathematics". Baada ya "difficulty" usiweke "to".

"The exam was too hard", huku ukiwa umefaulu. "Too" ni kupita kiasi mpaka jambo lishindikane. Kama ulitoboa, ilikuwa "very hard". Kosa hili limeenea Afrika Mashariki nzima, na wenye Kiingereza chao hukuonea huruma isiyohitajika.

"More hard." Ni "harder", "the hardest". "More" mpe "difficult".

"I have many hard works." "Work" ya maana hii haina wingi. "I have a lot of hard work to do."

"He has a hard head." Kichwa kigumu kwetu ni mzito wa kuelewa au mbishi. Mzito wa kuelewa ni "slow to learn". Mbishi ni "stubborn". "Hard-headed" ipo, lakini Uingereza humaanisha mtu anayeamua kwa akili bila kuyumbishwa na hisia, sifa njema kabisa kwa mfanyabiashara. Marekani huweza kumaanisha mbishi. Kuwa salama, iache. Na yule mwenye roho ngumu, asiyeogopa kitu, usimwite "hard-hearted", maana huyo ni katili. Mwite "tough" au "brave".

Ukikwama

*Uko hospitali ughaibuni na unatafuta neno.* Choo kigumu: "I am constipated". Ukisema "my stool is hard" utaeleweka vilevile, usione haya. Kwenye kupumua kuwa makini mno. "I am breathing hard" ni kuhema, kama mtu aliyepanda ngazi. Pumzi ikikata kweli sema "I can hardly breathe" au "I am having trouble breathing". Hapo "hardly" inaweza kukuokoa, mradi uiweke kabla ya kitenzi. "I breathe hardly" itamfanya muuguzi akuulize tena, na huna pumzi ya kurudia.

*Nomino ina vinyume viwili.* "A hard bed" haina shida, lakini "a hard teacher" inaweza kuwa mwalimu anayebana au mwalimu anayetunga mitihani isiyofanyika. Usilazimishe. Achana na "hard", andika "a strict teacher" au "her exams are difficult".

*Kamusi imekupa maana nyingi zilizopewa namba na umechanganyikiwa.* Usizisome zote. Soma mifano tu, tafuta ule wenye nomino inayofanana na yako. Una godoro? Tafuta mfano wenye kiti au ardhi.

*Insha yako ina "hard" kila mstari.* Usibadilishe zote kwa mkupuo. Acha ya kwanza ilivyo, ipitishe ya pili kwenye hatua ya 2, na ya tatu mara nyingi inafutika yenyewe ukieleza kilichotokea: badala ya "life was hard", andika kwamba mlikula mara moja kwa siku.

*Programu ya kutafsiri imekupa "hard" na huiamini.* Geuza. Ipe sentensi ya Kiingereza iirudishe kwa Kiswahili. Ikirudi na maana nyingine, tafuta nomino na kinyume chake mwenyewe, kwa mikono.

*Umechagua neno sahihi lakini msikilizaji anasikia jingine.* Hiyo ni sauti. Irabu yetu "a" ni moja, na Kiingereza kina kadhaa zinazotuangukia zote hapo: "hard", "heart", "hurt", "heard", "hut". Kwa "hard", fungua mdomo, vuta "a" ndefu, na malizia kwa "d" bila kuongeza irabu nyuma. Ukimaliza na "i" umesema "hadi". Kwa "heart" irabu ni ileile ila fupi zaidi, na mwisho ni "t" kavu. Jirekodi kwenye simu ukisema "a hard heart", usikilize, kisha mpe mtu mwingine asikilize bila kumwambia umesema nini.